Karatasi Zinazolipa: Kudai Fidia Baada ya Ajali ya Gari

(Hotuba kwa waendesha bodaboda na bajaji, wafanyabiashara na familia za majeruhi waliokutana Buzuruga, Mwanza. Imeandikwa upya ili isomeke.)

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu wa Mwaloni mlioacha dagaa juani ili mje hapa, vijana wa bodaboda na bajaji, ndugu mliotoka Igoma, Buhongwa na Misungwi: mwangaluka.

Tumeombwa tuzungumze kuhusu fidia ya ajali. Tutatanguliza jambo moja, na mengine yote yataegemea hapo. Madai mengi yanayokataliwa hufika mahakamani au ofisi ya bima yakiwa yameshaharibika. Yameharibika wiki mbili za mwanzo, majeruhi akiwa wodini, ndugu wakihangaika na damu, dawa na uji, na hakuna aliyekumbuka karatasi. Mtaa mzima unaweza kumjua mwenye kosa, lakini hakimu hakuwepo mtaani. Yeye anasoma kilichomo kwenye jalada.

Tuanze barabarani. Chukulia ni jioni, barabara ya Musoma pale Igoma, daladala imeivaa bajaji. Kwanza uhai: majeruhi awahishwe hospitali, na wanaombeba wamshike shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Wakati hilo linafanyika, mmoja wenu aliyetulia atoe simu apige picha kabla magari hayajasogezwa. Apige picha za mbali zinazoonyesha barabara yote pamoja na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme, kibao cha shule au kona. Kisha asogee karibu: namba za usajili za vyombo vyote, stika ya bima kama ipo, jina la kampuni mlangoni, alama za breki kwenye lami, na mahali vioo vilipomwagika. Vioo na alama za breki ndivyo vinavyosema gari lipi lilihama upande wake. Mvua ya ziwani ikishuka dakika ishirini tu, ushahidi huo umekwenda na maji.

Tazama pia rangi ya kibao cha namba. Cha njano ni gari binafsi, cheupe ni gari la biashara. Mtaona baadaye kwa nini tunalisema.

Chukua majina na namba za simu za mashahidi angalau wawili ambao si ndugu zako. Usiseme utawatafuta kesho. Abiria aliyekuwa anawahi kivuko cha Kamanga akishavuka kwenda Sengerema, humpati tena.

Kama uko kwenye basi la mkoani, tunza tiketi. Kwenye daladala hakuna tiketi, kwa hiyo hakikisha jina lako limo katika orodha ya majeruhi ya askari wa usalama barabarani. Kuna watu wanaoshuka garini wakiona wamepona, wanapanda bodaboda kwenda nyumbani, na asubuhi hawawezi kuinua bega. Jina halimo popote. Ukigongwa kichwa, kifua au mgongo, jiandikishe hata kama unatembea.

Sasa polisi. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye mzizi.

Askari akifika hupima na kuchora ramani ya ajali. Ramani hiyo inaonyesha upana wa barabara, mahali magari yalipogongana, alama za breki na mahali kila chombo kiliposimama. Tatizo ni hili: aliyebaki eneo la tukio akiwa mzima mara nyingi ni dereva aliyegonga. Yule aliyegongwa yuko hospitali, Sekou Toure au Bugando. Hivyo maelezo ya kwanza kwenye jalada ni ya upande mmoja, na hakuna haja ya kumtuhumu askari kwa hila yoyote. Alisikia aliyekuwepo. Dawa yake ni ndugu wa majeruhi kwenda kituoni siku ya pili au ya tatu, kumuulizia mpelelezi wa jalada, kumpa picha na namba za mashahidi, na kuomba majeruhi achukuliwe maelezo mara tu daktari atakaporuhusu. Andika namba ya jalada kwenye simu na kwenye daftari. Bila namba hiyo kila safari ya kituoni inaanza upya.

Kwenye jalada hilo zitatoka karatasi ambazo kampuni ya bima itazidai kwa namba. PF3, yaani fomu ya polisi namba tatu, ni ya majeruhi: polisi huitoa, daktari huijaza, nayo hueleza mtu aliumia wapi na kwa kiwango gani. Halafu kuna seti ya taarifa za ajali, PF 90, PF 93 na PF 115, ikiwemo ripoti ya mkaguzi wa magari, pamoja na nakala ya ramani. Mkaguzi hutazama breki, usukani, matairi na taa, kisha huandika kama gari lilikuwa na ubovu kabla ya ajali. Ripoti hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Dereva akisema "breki zilikatika ghafla," na mkaguzi ameandika kwamba mfumo wa breki ulikuwa mzima, utetezi huo umekwisha. Akiandika kwamba bomba la breki lilikuwa limefungwa kwa mpira, basi kosa limemfikia na mwenye gari, aliyeruhusu chombo kibovu kubeba watu.

PF3 ina mtego wake, nao ni majina na saa.

Mama amegongwa Mabatini, amepoteza fahamu. Waliomleta wanamjua kama Mama Kulwa, na ndivyo alivyoandikwa kwenye daftari la mapokezi. PF3 imeandikwa jina la ubatizo na jina la mume. Kitambulisho cha taifa kina jina lake na la baba yake. Kwa macho ya mkaguzi wa madai ya bima, hao ni wanawake watatu. Hapo inabidi kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na hospitali ithibitishe. Inawezekana, lakini inachukua siku na nauli. Ni rahisi zaidi ndugu kufika mapokezi na kitambulisho siku ile ile na kuomba jina lirekebishwe kabla karatasi hazijasambaa.

Saa nayo. Sisi tunasema saa moja usiku, fomu inaandikwa 19:00, na mwingine kwa haraka anaandika saa 1:00. Karatasi moja inasema ajali ilitokea jioni, nyingine usiku wa manane. Na kama ilitokea usiku wa tarehe 14, muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuandika 15 kwa sababu alimpokea mgonjwa saa sita ikiwa imepita. Kama bima ya gari ilianza tarehe 15, mmeshaona ugomvi utakavyokuwa. Soma kila karatasi kabla hujaondoka dirishani. Hakuna aibu kuomba irekebishwe.

Mkiwa bado kituoni, mtasikia neno "tuyamalize." Mwenye gari anakuja na shilingi laki tatu, ana maneno mazuri, analeta na mzee wa heshima. Hatusemi ukatae msaada. Mgonjwa anahitaji dawa leo, na anayesaidia matibabu anafanya ubinadamu. Ila tazama unachosaini. Kama karatasi inasema "nimepokea laki tatu kwa ajili ya matibabu ya awali, bila kuathiri madai yangu mengine," saini. Kama inasema "nimelipwa na sina madai tena," usisaini, hata kama dole gumba linashikwa kukusaidia. Mguu uliovunjika hauna bei wiki ya kwanza. Unaweza kuunga vizuri kwa miezi minne, unaweza kuoza mfupa, unaweza kupungua urefu. Aliyesaini siku ya tano ameuza kitu asichokijua.

Fuatilia pia kama dereva amefikishwa mahakamani. Karatasi ya faini ya shilingi 30,000 aliyolipa kwa askari si hukumu. Ukiambiwa amefikishwa, chukua namba ya kesi ya trafiki, nenda masjala ya mahakama hiyo, na kesi ikiisha omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa mhuri. Kwa Sheria yetu ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyokwisha muda wa rufaa, au ambayo rufaa yake imeamuliwa, ni uthibitisho usiopingwa wa hatia ya kosa lile. Maana yake, kwenye kesi yako ya fidia dereva huyo hawezi kuanza tena kubishana kama aliendesha kwa uzembe. Lakini kisu hiki kina makali pande mbili: akiachiwa huru, nayo inasimama. Ndiyo maana tunasihi mashahidi waitwe na waende. Wengi huona kesi ya trafiki ni ya serikali na dereva wake, hawatokei, kesi inakufa, na fidia inabaki bila mguu mmoja.

Hakimu wa kesi hiyo ya jinai anaweza pia kuamuru mshtakiwa amlipe fidia aliyeumia. Iombeni. Mara nyingi huwa ndogo, kwa sababu inatazama uwezo wa dereva.

Sasa nani anadaiwa? Dereva ndiye aliyegonga. Mwenye gari anadaiwa pamoja naye pale dereva alipokuwa kwenye kazi yake. Kampuni ya bima ndiyo yenye pesa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo barabarani kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha ya mwili. Ndiyo tunayoiita bima ndogo. Lakini mkataba wa bima ni kati ya kampuni na mwenye gari, wewe hukuwemo. Kwa hiyo kesi ya mahakamani huanza kwa kumshtaki dereva na mwenye gari, na ukipata hukumu sheria hiyo hiyo inaielekeza kampuni kuilipa. Sharti lake kubwa ni kwamba kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi mapema. Tuma barua yenye namba ya gari, namba ya bima, tarehe ya ajali na majina ya wadaawa, yaani pande za kesi, kabla hujafungua kesi, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kampuni ikisema haikuwahi kuarifiwa, utatoa nakala hiyo. Usipokuwa nayo, unaweza kubaki na hukumu nzuri ukutani isiyolipwa na mtu.

Si kila dai lazima lifike mahakamani. Mengi humalizwa kwa barua ya madai na mazungumzo na bima, na hilo ni jema kama hesabu imekaa sawa.

Kumjua mwenye gari ni kazi kuliko inavyoonekana. Gari limeuzwa mara mbili bila kubadilisha kadi ya usajili. Bodaboda iko kwa mkataba, kadi ina jina la aliyeikopesha, bima ina jina la kijana. Usitegemee jina lililoandikwa mlangoni. Omba taarifa za usajili TRA, Mamlaka ya Mapato, na weka kwenye barua ya madai wote wawili, aliyeandikwa kwenye kadi na anayeonekana kulimiliki. Nanyi mnaonunua vyombo, badilisheni kadi na bima wiki hiyo hiyo, kwa usalama wa watu mnaowabeba na wenu.

Bima yenyewe ihakikiwe. Stika inaweza kuwa ya kughushi au imekwisha muda. TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ina mfumo wa kuhakiki mtandaoni: unaingiza namba ya gari, unaona kampuni iliyokata bima na tarehe inapoanza na kuisha. Fanya hivyo siku ile ile ya ajali, na uhifadhi picha ya ukurasa ulioonekana.

Kama kibao kina herufi za serikali, mathalani ST, au SM ya serikali za mitaa, au SU ya mashirika ya umma, njia ni nyingine. Lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi iende Mahakama Kuu. Hapo usiende bila wakili.

Na kama aliyeumia alikuwa kazini, dereva wa lori, utingo, kondakta, mfanyakazi aliyetumwa na ofisi, mwajiri atoe taarifa kwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dai hilo halihitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Lianze mara moja.

Tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi kimyakimya.

Mahakama inagawa fidia katika mafungu mawili. La kwanza ni hasara mahsusi: kila shilingi iliyotoka au isiyoingia kwa sababu ya ajali, kama matibabu, dawa, nauli, magongo, mlezi na kipato kilichopotea. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hasara mahsusi lazima itajwe moja moja kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Ukisema "nilitumia kama milioni mbili hivi," hata hakimu mwenye huruma hawezi kukupa. La pili ni fidia ya jumla kwa maumivu, ulemavu na raha ya maisha iliyoondoka. Hii haina risiti, hakimu huipima mwenyewe, lakini naye hupima kutokana na ripoti ya daktari, si kutokana na machozi.

Basi risiti. Itazame risiti ya mashine uliyopewa duka la dawa. Karatasi yake ni laini, inang'aa kidogo, na maandishi yake hayakuandikwa kwa wino. Yametokana na joto. Ikikaa kwenye mfuko wa shati la bodaboda, au juu ya bati, au kwenye mfuko wa nailoni uliolowa jasho, baada ya miezi mitatu inakuwa karatasi nyeupe. Kesi inasikilizwa baada ya mwaka na nusu. Unamkabidhi hakimu kipande cha karatasi tupu, unamwambia hiki kilikuwa 84,000 za sindano. Toa kopi siku ile ile, nyuma ya kopi andika dawa gani, ya nani, tarehe gani, kisha bandika risiti halisi kwa pini, usiweke gundi wala selotepu juu ya maandishi, kwa kuwa gundi huyafuta upesi. Hospitali ulikolipa kwa namba ya malipo, tunza na ujumbe wa simu uliothibitisha malipo. Nauli za bajaji hazina risiti, lakini daftari lenye tarehe, safari na kiasi, lililoandikwa siku kwa siku kwa kalamu tofautitofauti, linaaminika kuliko orodha iliyoandikwa kwa mkupuo mmoja jana.

Kipato kilichopotea kipigiwe hesabu hivi. Kijana wa bodaboda, baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, yaani anachompelekea mwenye pikipiki, anabaki na 12,000 kwa siku. Anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Amelala wiki 14. Ni 72,000 mara 14, yaani shilingi 1,008,000. Ukidai pato zima la 30,000 kwa siku bila kutoa mafuta na hesabu, wakili wa bima atakuuliza maswali mawili tu na hesabu yako yote itaonekana ya uongo. Uthibitisho ni nini? Daftari la hesabu, mkataba wa pikipiki, taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali, leseni ya chombo. Mama anayechukua dagaa Mwaloni ana stakabadhi za ushuru, na mteja wake wa jumla anaweza kuja kusema amekuwa akinunua magunia mangapi kwa wiki. Biashara ndogo ina ushahidi, ila umetawanyika. Ukusanye.

Ripoti ya daktari iombwe matibabu yakiisha au hali ikitulia. Omba aandike kiungo kilichoumia, matibabu yaliyofanyika, yatakayohitajika mbele kama kutoa vyuma, na asilimia ya ulemavu wa kudumu. Ripoti inayosema tu "alipata ajali, anaendelea vizuri" inakuumiza mara ya pili. Picha za eksirei zitunzwe zikiwa zimelala bapa kwenye bahasha, zisikunjwe, zisiwekwe paani.

Fungu la kosa lako nalo litapimwa. Kama mlikuwa mishikaki, yaani mmepakiana zaidi ya abiria mmoja kwenye pikipiki, au hukuvaa kofia ngumu na umeumia kichwa, mahakama inaweza kupunguza fidia kulingana na mchango wako. Sema kweli tangu mwanzo. Likifichuliwa na picha ya upande wa pili, hata yale ya kweli hayataaminika.

Kwa msiba, tunazungumza polepole. Anayedai ni msimamizi wa mirathi. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inapeleka maombi mahakamani pamoja na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Tumeona watu wakikishikilia kwa miaka wakidhani kinatosha. Ongeza cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hesabu inaanzia kile marehemu alichokuwa anakitoa nyumbani. Akiwa na kipato cha 400,000 kwa mwezi na 250,000 ikifika kwa mke na watoto, kwa mwaka ni 3,000,000. Hakimu huzidisha kwa miaka anayoona inafaa akitazama umri wa marehemu na wa watoto, wala hahesabu miaka yote hadi uzeeni. Pesa hii ni ya waliokuwa wakimtegemea: mke au mume, watoto, wazazi. Si ya kugawana ukoo mzima. Tunalisema mbele ya wazee kwa heshima zote, kwa sababu tumekuta watoto wameacha shule wakati fidia ya baba yao imejenga nyumba ya mtu mwingine.

Wenye bima kubwa, ile inayolinda na gari lako lenyewe, maneno machache. Gari lako likiumia, iarifu kampuni siku hiyo hiyo, na usiguse matengenezo kabla mkadiria hasara hajaliona. Andaa makadirio ya gereji zaidi ya moja. Kiasi fulani cha mwanzo utakibeba mwenyewe, kiko kwenye mkataba, kisome. Na usikate bima kwa thamani ya chini ili ulipe ada ndogo. Gari la milioni 20 likikatiwa bima ya milioni 12, umelikinga kwa asilimia 60. Ukipata hasara ya milioni 5, utahesabiwa milioni 3, na kutoka hapo kile kiasi cha mwanzo kitolewe. Kibao cha njano kinachobeba abiria kwa nauli, leseni iliyokwisha au isiyo ya daraja la gari hilo, dereva mlevi: hizo ndizo sababu tunazoziona mara kwa mara kwenye barua za kukataa.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Neno la mdomo la wakala halikatiwi rufaa. Barua hiyo ipeleke ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa, iko hapa hapa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa: ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na watoa msaada wa kisheria wamesajiliwa kwa kazi hiyo.

Lakini jihadharini na vishoka. Wanazunguka mawodini, wanajua jina la mgonjwa kabla hujawaambia, wanabeba fomu ya kuwapa mamlaka ya kupokea malipo kwa niaba yako. Wakili ana ofisi, ana namba ya uwakili inayohakikiwa, na makubaliano ya ada yake yanaandikwa. Malipo ya fidia yaingie akaunti yenye jina lako. Na vocha ya malipo ya mwisho isomwe na mtu mnayemwamini kabla ya kusainiwa, kwa kuwa ikisainiwa, mlango umefungwa.

La mwisho ni muda. Madai ya madhara kama haya yana miaka mitatu tangu siku ya ajali kufunguliwa mahakamani. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Barua tamu za "suala lako linashughulikiwa" zinaweza kukufikisha mwaka wa nne ukiwa nje ya muda. Ikifika miezi sita kabla ya miaka mitatu na hujalipwa, kesi ifunguliwe, mazungumzo yaendelee ndani yake.

Meza tatu ziko nyuma ya hema. Ya kwanza inahakiki stika, njooni na namba za vyombo vyenu. Ya pili inasoma PF3 na ripoti za hospitali kuona kama majina na tarehe vinakubaliana. Ya tatu ni ya misiba, na hapo kuna viti na maji. Kama ajali yenu imevuka miaka miwili, msikae kwenye foleni. Piteni mbele sasa hivi, tuanze na ninyi.